Motokari Iliyolala Ziwani: Ilikuwa ya Nani?

Katika vijiji vyetu mgeni akifika barazani haulizwi kwanza habari za mali yake. Aulizwa: Wewe mtoto wa nani? Watoka wapi? Ulilala kwa nani njiani? Akiisha kujibu, ndipo apewapo kiti na maji ya kunywa. Kwani mtu asiyejulikana atokako, hata akivaa vizuri, watu humtazama kwa mashaka.

Leo twataka kumwuliza mgeni wa namna nyingine maswali hayo hayo. Mgeni huyo ni motokari. Ilikaa chini ya maji ya ziwa moja la Ulaya zaidi ya miaka 70, na ilipotolewa ilikuwa kutu na matope. Haikuweza kwenda hata hatua moja. Lakini watu walisafiri kutoka mbali ili kuiona, na wakaulizana: Ilikuwa ya nani? Nani aliitupa humo, na kwa sababu gani? Habari zake zatufundisha jinsi wenye kuchunguza mambo ya kale wanavyofanya kazi yao, na jinsi ilivyo vigumu kutenga kweli na hadithi tamu.

Kuzaliwa kwake

Tuanze na baba yake. Ettore Bugatti alizaliwa Milano, katika Italia, mwaka wa 1881. Baba yake Carlo alikuwa fundi wa vyombo vya nyumbani, viti na meza za kupendeza sana, na mtoto akarithi jicho lile la kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri. Lakini yeye hakupenda mbao, alipenda injini. Mwaka wa 1909 alianza karakana yake mwenyewe huko Molsheim, katika nchi ya Alsace. Siku zile Alsace ilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita ya 1914-1918 ikarudi kwa Wafaransa. Kwa hiyo mtu wa Italia alijenga motokari zake katika mji uliokuwa wa Ujerumani, na leo kila mtu azihesabu kuwa motokari za Ufaransa. Tazama, hata ukoo wa kiwanda una mapito yake.

Motokari za Bugatti zilikuwa ndogo na nyepesi. Wengine wakati ule walijenga motokari nzito zenye injini kubwa mno. Bugatti alitafuta wepesi. Mwaka wa 1921, katika mashindano ya motokari ndogo yaliyofanywa Brescia, mji wa Italia, motokari zake nne zilishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Tangu siku hiyo motokari za namna hiyo zikaitwa Brescia. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na vali 16, ukubwa wake karibu litri moja na nusu tu. Kiwanda kilitengeneza za namna hii zipatazo 2,000 mpaka mwaka wa 1926.

Mgeni wetu ni mmoja wa ukoo huo. Ni Brescia ya Type 22, ya mwaka wa 1925, yenye viti viwili na isiyo na paa la kudumu. Namba ya shasi yake ni 2461.

Alama za mwili

Labda msomaji atauliza: Waliwezaje kujua hayo yote? Motokari haina kinywa.

Ni kweli, haina kinywa, lakini ina alama. Motokari inapotoka kiwandani hupigwa namba katika chuma. Namba moja huwekwa kwa ajili ya shasi, yaani mifupa yake. Nyingine hupigwa katika injini. Kiwanda nacho huziandika namba hizo katika buku: siku fulani imetoka motokari yenye namba fulani, imekwenda kwa mwuzaji wa mji fulani. Hilo ni kama buku la ubatizo katika parokia. Mtu aweza kuhama, aweza kubadili kazi, aweza hata kujiita kwa jina jingine. Buku la ubatizo lakaa palepale, na siku ya kutaka kufunga ndoa ndilo linalofunguliwa.

Baada ya buku la kiwanda yaja mabuku ya serikali. Kila aliyenunua motokari alipaswa kuiandikisha na kupewa plake yenye namba. Mwenye motokari akihama, au akiiuza, maandiko mapya hufanywa. Basi mchunguzi mwenye subira hufuata namba ile kutoka buku hadi buku, kama mwindaji anavyofuata nyayo. Pengine nyayo zakatika, kwani vita imepita na ofisi imeungua, au panya wamekula karatasi. Hapo hutafuta picha za kale, barua, risiti za fundi, na wazee wenye kukumbuka.

Lakini yampasa kuangalia sana. Injini yaweza kung'olewa na kutiwa katika motokari nyingine. Plake yaweza kubadilishwa kwa dakika chache. Bodi yaweza kujengwa upya. Na wazee nao, ingawa tunawaheshimu, husahau, au huchanganya habari mbili kuwa moja. Kwa hiyo mchunguzi mwema hasadiki ushahidi mmoja tu. Ashika namba ya shasi kwa mkono mmoja na buku la serikali kwa mkono wa pili, kisha ndipo asikilizapo maneno ya watu.

Mabwana wake wa kwanza

Kwa njia hiyo walijua mwanzo wa motokari namba 2461. Maandiko ya Ufaransa yaonyesha kwamba iliandikishwa mara ya kwanza Nancy, mji ulio mashariki ya nchi hiyo, siku ya 11 Aprili 1925. Jina la mwenyewe ni Georges Paul Nielly. Kisha, mwaka wa 1930, jina la Georges Nielly laonekana tena katika maandiko ya motokari hiyo, safari hii katika mji wa Paris.

Maneno machache, sivyo? Siku moja, mji mmoja, jina moja. Lakini kwa mwenye kuchunguza, maneno hayo machache yana uzito kuliko masimulizi marefu. Mtu aliyeyaandika hakuwa na nia ya kumfurahisha yeyote. Alikuwa karani mezani pake, alitaka kupokea kodi na kufunga buku lake, aende nyumbani kula. Hakujua kwamba miaka 80 na zaidi baadaye watu wangetafuta mstari ule kwa hamu kubwa.

Baada ya 1930 mabuku ya Ufaransa yanyamaza, na twaikuta motokari mahali pengine kabisa: katika Uswisi, kandokando ya ziwa liitwalo Maggiore.

Ushuru mkubwa kuliko mali

Ziwa Maggiore limegawanywa na mpaka. Sehemu yake kubwa ni ya Italia, na sehemu ya kaskazini ni ya Uswisi. Katika pande hizo za Uswisi watu wasema Kiitaliano, na mji mmoja mdogo ulioko ukingoni huitwa Ascona. Miaka ile wageni wengi waliupenda mji huo, wachoraji na waandishi na watu wenye kutafuta utulivu.

Habari iliyopokewa na wachunguzi yasema hivi. Motokari ilifika Ascona na mchoraji mmoja wa ramani za majumba, mzaliwa wa Zurich mwenye asili ya Polonia. Aliishi Ascona miaka michache mpaka 1936, kisha akahama. Motokari akaiacha nyuma. Basi watu wa duane wakaja kuuliza: Motokari hii imeingia lini katika nchi yetu, na ushuru wake ulilipwa na nani? Ikaonekana kwamba haukulipwa.

Sasa fikirini shida yao. Motokari ilikuwa na umri wa miaka 11. Mitambo ya siku zile ilizeeka upesi, na kila mwaka viwanda vilitoa motokari mpya zenye nguvu zaidi. Brescia iliyokuwa fahari ya mwaka wa 1925 ilikuwa kitu cha kuchekwa mwaka wa 1936. Ushuru uliodaiwa ulipita thamani ya motokari yenyewe. Nani angelipa deni kubwa ili apate mali ndogo? Mwenyewe hayupo, mnunuzi hayupo, na sheria yasema kitu kisicholipiwa kiharibiwe.

Wakaona ziwa ndiyo njia rahisi. Wakaifunga kwa mnyororo mnene na kuishusha majini. Sababu ya mnyororo ni nini? Kwamba kama mwenyewe angerudi na kulipa, wangeweza kuivuta juu. Hata katika kuitupa walimwachia mwenyewe mlango wazi kidogo. Lakini hakurudi. Miaka ikapita, mnyororo ukaliwa na kutu, siku moja ukakatika, na motokari ikateremka gizani mpaka mahali penye kina cha metri 53. Huko ikalala ubavu, upande mmoja umezama katika matope.

Hadithi ya karata

Watu wa Ascona hawakusahau kabisa. Wazee waliwaambia vijana: Humu ziwani mna motokari. Vijana wengine walisadiki, wengine walicheka. Wahenga wasema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku ya 18 Agosti 1967 mzamaji mmoja, jina lake Ugo Pillon, aliteremka akaiona kwa macho yake. Wazee walikuwa wamesema kweli. Tangu siku hiyo wazamaji wengi walikwenda kuitembelea, kama watu wanavyozuru kaburi la mtu maarufu.

Lakini pamoja na kweli hiyo ilikuja hadithi nyingine, tamu kupita kiasi. Ilisimuliwa hivi: Mwaka wa 1934, huko Paris, mshindani maarufu René Dreyfus alicheza karata na kijana tajiri wa Uswisi. Walikunywa sana usiku ule. Dreyfus akashindwa, akaiweka motokari yake mezani, akaipoteza. Mshindi akaiendesha kuelekea kwao. Alipofika mpakani watu wa duane wakamdai ushuru, naye hana fedha mfukoni. Akawaachia motokari, akaondoka kwa miguu. Wao wakaitupa ziwani.

Yapendeza kusikia, sivyo? Ina mtu mashuhuri, ina pombe, ina kamari, ina kijana mjinga. Na tena ina sehemu za kweli ndani yake, ndiyo maana yapita kooni bila kukwama. Dreyfus alikuwa mtu wa kweli, mzaliwa wa Nice, na mwaka wa 1930 alishinda mashindano makubwa ya Monaco akiwa katika Bugatti. Ushuru wa duane nao ni kweli. Lakini tufungue mabuku: katika maandiko ya Nancy na ya Paris tuliyoyataja hatuoni jina la Dreyfus. Tena tuuangalie mpaka wenyewe. Mtu atokaye Paris kwenda Uswisi huingia upande wa magharibi; Ascona iko kusini, ng'ambo ya milima mirefu, karibu na Italia. Watu wa duane wa mpaka wa Ufaransa wangeibebaje motokari mpaka huko ili kuizamisha? Hadithi hairuki mlima huo. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga.

Tusimlaumu msimuliaji kupita kiasi. Pengo katika habari ni kama shimo njiani: kila apitaye hutupa humo kitu alicho nacho. Mabuku yalinyamaza baada ya 1930, na watu wakajaza kimya kile kwa jina kubwa, kwani jina kubwa hupendeza kuliko la mtu asiyejulikana.

Kosa la namna hii limewapata hata wenye elimu. Katika Ottawa, mji mkuu wa Kanada, makumbusho ya vita yalipokea mwaka wa 1970 Mercedes-Benz kubwa nyeusi. Askari wa Marekani walikuwa wameiteka karibu na Salzburg mwaka wa 1945, mwisho wa vita. Watu wote walisema ilikuwa ya Göring, mkuu wa jeshi la ndege la Ujerumani. Miaka ikapita, wageni wakaonyeshwa motokari ya Göring. Ndipo mtunza mabuku wa makumbusho hayo, Ludwig Kosche, akaanza kuandika barua, kulinganisha namba za plake na picha za kale, na kuuliza habari za namba ya shasi. Akaona kwamba watu wote wamekosa: motokari ilikuwa ya ofisi ya Hitler mwenyewe. Hakuwa jemadari wala mkuu wa polisi. Alikuwa mtunza mabuku, hakuchoka kuuliza, na hakuona haya kuonyesha kosa la nyumba yake mwenyewe.

Kifo cha kijana

Turudi Ascona. Motokari ingaliweza kubaki majini mpaka iishe, kama si jambo moja la huzuni.

Siku ya 1 Februari 2008, mji wa Locarno, ulio karibu sana na Ascona, ulikuwa katika sherehe za karnavali. Kijana mmoja mwenyeji wa pande hizo, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa barabarani kama wengine. Vijana watatu wakamshambulia na kumpiga, akafa. Hatutaji jina lake hapa, maana jamaa zake wanalo moyoni. Mji mzima ukashtuka. Sherehe imekuwaje kilio? Na vijana wetu wamepata wapi ukali huo? Jamaa na marafiki hawakutaka machozi yao yaishie kaburini. Wakaanzisha mfuko wenye jina la marehemu, ili kupigana na ukali kati ya vijana na kuwafundisha kuheshimu uhai wa wenzao.

Lakini mfuko hutaka fedha. Ndipo chama cha wazamaji wa Ascona kikakumbuka motokari yake ya ziwani. Kwa miaka 40 walikuwa wakiishukia kwa kujifurahisha tu. Sasa wakaamua: Tuitoe, tuiuze, na fedha yote iwe ya mfuko ule.

Haikuwa kazi ya siku moja. Katika metri 53 mzamaji hawezi kukaa muda mrefu. Damu yake huingiwa na hewa, naye akipanda upesi aweza kuumia vibaya au kufa. Kila safari ya chini ilikuwa ya dakika chache, na kila safari ya juu ilikuwa ya polepole. Kwa dakika hizo walipaswa kuondoa matope na kufunga kamba pasipo kuuvunja mwili dhaifu ule. Walifanya hivyo kwa kujitolea, bila mshahara.

Siku ya Jumapili, 12 Julai 2009, ikapanda. Watu wengi walikuwa wamesimama ukingoni. Kwanza lilionekana gurudumu, kisha mabawa ya chuma yaliyoliwa, kisha motokari nzima, ikimwaga maji kila upande. Upande uliokuwa wazi majini uliharibika sana; upande uliofunikwa na matope ulikuwa umehifadhika vizuri kuliko ule mwingine. Matope tuliyoyadhani adui yalikuwa mlinzi wake.

Siku ya 23 Januari 2010 ikauzwa kwa mnada huko Paris, mji uleule ambamo jina la Georges Nielly liliandikwa mwaka wa 1930. Bei yake ilifika euro 260,500, kuliko walivyotazamia. Ile motokari iliyotupwa kwa kuwa haikufikia thamani ya ushuru wake sasa iliuzwa kwa bei ambayo mwaka wa 1925 ingeweza kununua motokari nyingi mpya za kiwanda kile. Mnunuzi alikuwa Peter Mullin wa Marekani, mkusanyaji mkubwa wa motokari za Kifaransa. Aliiweka katika makumbusho yake ya Oxnard, California, mpaka makumbusho hayo yalipofungwa mwaka wa 2024, baada ya mwenyewe kufariki mwaka wa 2023.

Jambo moja tunalipenda katika habari za Mullin. Alikuwa na mafundi hodari, nazo motokari zake nyingine ziling'aa kama kioo. Hii hakuitengeneza. Aliiacha na kutu yake na matundu yake. Angalitia bodi mpya na rangi mpya, angalipata Brescia nzuri, lakini mgeni wetu angalipoteza kinywa chake. Kutu ile ndiyo ushahidi wa mnyororo, wa matope na wa miaka 73.

Basi ilikuwa ya nani?

Tumeuliza tangu mwanzo: Ilikuwa ya nani? Sasa twaweza kujibu, na jibu si jina moja. Ilikuwa ya Ettore Bugatti aliyeifikiri, na ya mafundi wa Molsheim walioipiga nyundo, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ilikuwa ya Nielly aliyelipa na kuiandikisha. Ilikuwa ya yule mchoraji wa majumba aliyeiacha. Ilikuwa ya duane, iliyoona ndani yake deni tu. Ilikuwa ya ziwa kwa muda mrefu kuliko wote. Na mwisho ilikuwa ya wazamaji, ambao waliipata bure na kuitoa bure. Kati ya hao wote, ni hawa wa mwisho tu ambao hawakuitaka kwa ajili yao wenyewe.

Wasomaji wapendwa, si lazima mtu awe na motokari ya thamani ili afuate mfano huu. Katika nyumba zetu mna baiskeli ya babu, cherehani ya bibi, kengele ya shule, ngoma ya zamani. Kila kimoja kilipita mikononi mwa watu, na watu hao wanasahauliwa. Tuwaulize wazee wangali hai: Kilinunuliwa wapi? Mwaka gani? Kwa fedha ya kazi gani? Tuandike majibu katika daftari pamoja na siku na jina, kama yule karani wa Nancy alivyofanya bila kujua faida yake. Na tukisikia hadithi tamu kupita kiasi, tuifurahie kama hadithi, kisha tutafute buku.

Kwani watoto wetu watakapouliza siku moja kitu fulani kilikuwa cha nani, tusipokuwa tumewaachia kweli, watajaza shimo lile kwa karata na pombe.